Meru hadi Embu: Safari ya Abiria Mmoja Aliyebaki

Ukipima kwa mstari mnyoofu, miji ya Meru na Embu imetengana kwa kilomita zipatazo 70. Barabara ya lami inayopitia Nkubu, Chuka na Runyenjes ina takriban kilomita 130. Kilomita za ziada ni kazi ya Mlima Kenya. Mito inayoteremka upande wake wa mashariki, kama vile Mutonga, Nithi na Thuci, imechimba mabonde makubwa, na barabara hulazimika kushuka, kuvuka daraja, kisha kupanda tena kwa kona.

Kwa hesabu ya darasani, safari hii ni fupi. Sheria za matatu zilizoletwa na waziri John Michuki mwaka 2004 ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Gawanya 130 kwa 80, upate saa moja na dakika 40 hivi. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ila inaanza kuhesabiwa gari likishang'oa nanga.

Kabla ya hapo kuna steji. Mpiga debe hutangaza kwamba amebaki mmoja tu, na gari linaonekana limejaa. Abiria akishalipa na kuketi dirishani, watu wanne waliokuwa wametulia kama wasafiri wa kweli huteremka mmoja mmoja, wakaenda kujaza gari linalofuata. Hao hulipwa kukaa. Aliyelipa nauli ndiye anayesubiri, na bado "amebaki mmoja".

Gari likiondoka, maajabu huanza mapema. Kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, abiria huvuka ikweta bila pasipoti. Wengi hawaoni kibao, kwa kuwa wakati huo wanadai chenji. Makanga huahidi kuitoa "hapo mbele", mahali ambapo hapajaonyeshwa kwenye ramani yoyote.

Chuka, karibu nusu ya njia, ndipo abiria huuzwa. Wakibaki wachache, makanga hupatana bei na mwenzake, kisha huwahamishia gari jingine pamoja na magunia, kuku na mtoto aliyekwisha kulala. Chenji haihamishwi. Makanga mpya huapa kwamba haijui, na anasema kweli. Gari jipya nalo lina nafasi, kwa hiyo amebaki mmoja.

Angani mambo yangekuwa rahisi. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa ingefika kwa dakika 20 hivi, lakini hakuna ndege ya ratiba kati ya miji hii. Uwanja wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017, uko upande wa kaskazini, yaani abiria wa Embu angeanza safari kwa kuipa Embu kisogo. Msafiri wa Meru anayepanda ndege kwa uhakika ni miraa. Kwa kuwa hutafunwa ikiwa mbichi, hukimbizwa usiku hadi Nairobi, na tangu Julai 2022, soko la Somalia lilipofunguliwa tena, husafirishwa kwa ndege hadi Mogadishu. Miraa haiulizwi kama amebaki mmoja.

Kwa hiyo mwenye mkutano Embu saa nne asubuhi awe stejini Meru kabla ya saa kumi na mbili, tena na nauli kamili mkononi.