Mfupa Mbichi kwa Mbwa wa Sofani

Una mbwa wa kilo tatu, mwenye masweta mawili na jina la Princess, na akipiga miayo wageni wanauliza kama kuna panya aliyefia nyuma ya friji. Hongera, mwongozo huu ni wako.

Harufu hiyo inaletwa na ukoga. Bakteria na uchafu wa chakula hujipaka juu ya jino, na siku chache baadaye madini yaliyomo kwenye mate huugeuza ukoga huo jiwe. Fizi huvimba, na kinachofuata huendelea chini kwa chini, usikokuona. Mbwa mkubwa ana meno 42, na Chihuahua anayo 42 yale yale, ila yeye ameyabananisha kama abiria wa mwendokasi saa moja asubuhi. Ndiyo maana vijibwa huugua fizi mapema.

Ukitaka wa kumlaumu, yupo: James Spratt, Mmarekani aliyekwenda London kuuza vikinga radi na kuishia, miaka ya 1860, kuwauzia Waingereza biskuti za mbwa. Biashara ikanoga, na mfupa ukaanza kuonekana ushamba. Baadaye akaja Tom Lonsdale, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Australia, na mwaka 2001 akatoa kitabu kizima cha kuyasuta makampuni ya chakula cha mbwa pamoja na madaktari wenzake. Dawa yake: mfupa mbichi wenye nyama. Wenzake hawakumpigia makofi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Brazil kwa mbwa aina ya Beagle, ukachapishwa 2016, ulionyesha kuwa mifupa mibichi ya ng'ombe iling'oa sehemu kubwa ya ukoga mgumu kwa muda usiofika wiki mbili.

Basi nenda kwa muuza kuku, maana mifupa yake ndiyo saizi ya mbwa wa kilo tatu. Jikaze, maana mazungumzo yatakuwa haya:

“Nipimie mabawa nusu kilo.”

“Ya kukaanga, dada?”

“Ya mbwa.”

Kisu kitasimama hewani. Atakutazama, atazitazama kucha zako, kisha atauliza kwa adabu zote kama hapo nyumbani kwenu kuna nafasi ya kazi. Lipa, ondoka.

Usishawishike kuchukua kongoro kwa sababu ni bei nafuu na linaonekana la kiume. Mfupa wa mguu wa ng'ombe umeumbwa kubeba ng'ombe. Princess akiukazania, kitakachopasuka ni gego lake. Wala usimletee mifupa ya nyama choma ya Jumamosi ukijiona mkarimu. Mfupa ukishapikwa hukauka, na ukivunjika hutoa vichane vinavyoweza kutoboa utumbo. Hapa mapenzi ya Kiswahili, yale ya “mpe na yeye kidogo”, yamepeleka mbwa wengi kwenye upasuaji.

Mapafu na maini mabichi ya kondoo au mbuzi usiguse kabisa, na hapa naweka utani pembeni. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo yaliyoteswa zaidi duniani na tegu mdogo anayepita njia hiyo: mbwa anakula kiungo chenye vivimbe vya maji, tegu anakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtu anayeyameza anaota vivimbe hivyo hivyo ndani ya ini.

Siku yenyewe, mpeleke Princess uani. Atakataa, hajazoea kukanyaga sementi. Mpe bawa zima. Ukimkatia vipande vidogo kwa huruma, atavimeza na kupaliwa. Mwanzoni atalilamba, atalibwekea, kisha atajaribu kulipeleka kwenye sofa jeupe, funga mlango. Akishalielewa utamwona analibana kwa miguu ya mbele, anainamisha kichwa upande mmoja, jicho limefumbwa nusu, na kusaga kwa magego ya nyuma. Ngozi na mishipa vinavutwa katikati ya meno na kutoka na uchafu. Kaa hapo hapo mpaka amalize. Simu weka mbali. Kesho choo chake kikiwa cheupe na kikavu, umezidisha mifupa, punguza.

Kama fizi zimeshavimba au meno yanacheza, bawa la kuku limechelewa. Hapo ni kwa daktari wa mifugo, nusukaputi, na bili itakayokufanya umkumbuke yule muuza kuku kwa wema. Na ukimuuliza daktari huyo njia bora ya kulinda meno, atakujibu jambo la kuvunja moyo: mswaki, kila siku. Dawa ya meno iwe ya mbwa, kwa kuwa baadhi ya zetu zina zailitoli, sukari mbadala iliyo sumu kwake. Ukishindwa kumshika mdomo kila siku, ndipo mfupa unapata kazi.

Kuku mbichi huja na salmonela, na friza huigandisha tu, haiiui. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni, osha sementi, tupa mabaki kabla mbwa koko wa mtaa hawajaja kudai mgao wao. Princess naye, akiwa na furaha ambayo hujapata kuiona, atakukimbilia akulambe mdomoni. Mwelekeze kwa mtu wa nyumbani aliyesema tangu mwanzo kwamba mbwa ni mbwa tu.