Wiki Niliyoifungia "Nice"

Jumatatu
Nimeifungia "nice". Insha za kidato cha pili zimenichosha: nice mother, nice goat, nice funeral. "Good", "bad" na "strong" nazo zimefungiwa hadi taarifa nyingine. Kabatini tuna kamusi ya visawe ya Roget, haina jalada. Dkt. Peter Mark Roget aliitoa London mwaka 1852, akayapanga maneno kwa koo za maana bila kusema lipi huandamana na lipi. Aliyenyonya Kiingereza kwa mama yake hasumbuki. Hawa wangu walisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta hata Jiografia imegeuka Kiingereza. Kitabu wamekigombania.

Jumanne
Barua ya ruhusa: kijana ana "evil stomach". Kukwepa "bad" kakwepa. Nimesaini. Mwalimu wa zamu, mlokole, kakataa kumpeleka zahanati kabla hajaombewa. Ameombewa, kisha kapewa dawa ya minyoo. Tumbo limetulia. Mwalimu wa zamu hataki kusikia habari za minyoo.

Jumatano
Mvua usiku kucha. Mawingu ya Bahari ya Hindi hushukia upande huu wa Uluguru kwanza. Wa ng'ambo huachiwa masazo. Waliochelewa wamejaza sababu: "overweight rain". Kwa jinsi udongo ulivyoporomokea barabarani, sikuwa na hoja. Nimeandika ubaoni kwamba kwa Kiingereza mvua ni "heavy" na chai ni "strong", wala hazibadilishani. Mmoja akauliza nani kapanga hivyo. Nikasema wenyewe. Akaandika "wenyewe".

Alhamisi
Wageni kutoka wilayani. Kiranja kasoma risala iliyomshukuru "our bulky headmaster". Mkuu wa shule alipiga makofi. Baadaye kaniita pembeni kuuliza maana yake. Nimemwambia ni mtu mwenye nafasi kubwa. Kanishukuru.

Ijumaa
Kwa Waluguru, mjomba hakataliwi. Mjomba wa mwanafunzi mmoja anauza mdalasini na pilipili manga kando ya barabara ya Kisaki, ambako hupita watalii waendao Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa Selous mwaka 2019. Alitaka kibao kiseme mdalasini wake ni mkali. Mpwa, kwa kuwa "strong" imefungiwa, kachora kwa herufi kubwa: MUSCULAR CINNAMON. Mdalasini wenye misuli. Gari la watalii likasimama, wakapiga picha na kibao, mjomba katikati, wakaondoka bila kununua hata kijiti.

Jioni kanifuata nyumbani.

"Mwalimu, naambiwa hilo neno limetoka kwako."

"Limetoka kwa Roget, mzee wangu."

"Anakaa wapi?"

"Alifariki mwaka 1869."

"Poleni sana," akasema, akavua kofia. Kisha akauliza rangi ya kufutia atalipa nani.

Jumamosi
Nimepeleka rangi. Mjomba kaikataa. Tangu asubuhi magari mengine yamesimama, na sasa picha anaitoza, bei juu ya ile ya mdalasini. Mpwa wake yuko chini ya mwembe na kamusi isiyo na jalada, ameagizwa neno la ndizi.