Laini Iliyoondoka na Saa

Hosteli moja ya semina mjini Lushoto, ambayo jina lake tunalisitiri kwa heshima ya mhasibu wake, iliamua kuachana na laini ya E1. Hoja ya mhasibu ilikuwa nyepesi. Laini ile ya kidijiti hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, na hosteli, hata semina zikifurika, haikuwahi kuwa na watu 30 wenye hamu ya simu ya mezani. Laini za SIP, zinazopita kwenye intaneti, zingenunuliwa chache kulingana na mahitaji. Mtambo wa zamani wa simu za ndani ungebaki, maana pesa za mwingine hazikuwepo. Kati yake na intaneti kingekaa kisanduku ambacho mafundi hukiita getiwei.

Fundi akapanda kutoka Mombo, kona kwa kona kupitia Soni, akafunga kisanduku, akapiga simu ya majaribio, akanywa chai ya tangawizi, akashuka.

Kwenye simu kukabaki mlio mdogo: tk. Sekunde kadhaa zikipita, tk tena. Wapo waliolaumu ukungu, ambao Lushoto hulaumiwa kwa kila kitu. Mlinzi aliwashuku mbega wa msitu wa Magamba. Faksi ndiyo iliyoumbuka zaidi: mteja mmoja wa siku nyingi, asiyeamini ankara isiyopita kwenye faksi, alikuwa akipokea nusu ukurasa, bahati mbaya nusu isiyo na jumla.

Kumbe E1 haikuwa ikileta sauti tu. Laini hiyo hupitisha fremu 8,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 125, na mapigo hayo hutoka kwenye saa za kampuni ya simu, ambazo ni za kutegemewa mno. Kwa viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, saa mbili za daraja la juu kabisa zikiachwa kila moja iende kivyake, fremu moja hupotea au kurudiwa baada ya siku kama 72. Mtambo wa hosteli ulikuwa ukifuata mapigo hayo miaka yote, bure, bila yeyote kusema ahsante. Kwenye ankara hayakuwahi kuandikwa, na mhasibu hukata kile anachokiona.

Laini ilipoondoka, fundi aliuambia mtambo utumie saa yake wenyewe. Getiwei nayo ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kutumia yake. Fahali wawili, zizi moja. Vipande vya fuwele vinavyopiga mapigo ndani ya vifaa vya bei ya kawaida vikitofautiana sehemu kumi tu kwa milioni, fremu huteleza kila baada ya sekunde 12 na nusu. Sikio la binadamu husamehe. Faksi haina moyo huo.

Upande wa intaneti, ajabu, haukuwa na kosa. Huko sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, na anayepokea huvipanga kwa nafasi yake. Ugomvi wote ulikuwa kwenye waya mfupi usiofika mita mbili, ndani ya kabati moja. Fundi alipanda tena, akauamuru mtambo uifuate getiwei, na tk ikakoma.

Lakini E1 ilikuwa imeondoka na saa ya ukutani pia. Mitambo mingi ya aina hiyo huokota tarehe na saa kutoka kwenye simu zinazopita. Sasa saa ililetwa na NTP, itifaki iliyobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, nayo hutoa saa ya ulimwengu, UTC. Hakuna aliyekumbuka kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Kaka wa zamu ya usiku aliingiza 4:30 kama kawaida ili mgeni aamshwe saa kumi na nusu alfajiri, awahi basi la Dar es Salaam. Simu ilimwamsha saa moja na nusu. Basi lilikuwa limeshavuka Mombo.

Fundi akapanda safari nyingine, akarekebisha. Aliyelalamika ni dada wa zamu ya mchana.

"Fundi, umeturudisha nyuma," alisema. "Zamani nilikuwa natoa sita ndiyo nijue ni saa ngapi. Wiki hizi nimetoa tatu tu, na imekubali. Sasa unanirudishia sita zangu za nini?"