Andalio la Somo

Muulize mwalimu wa Tanzania chuo kilimpa nini, atakuandikia andalio la somo akiwa amefumba macho: malengo mahususi, hatua, tathmini, maoni. Piaget, yule mwanasaikolojia wa vitabuni, anamjua kama shemeji yake. Kwenye mazoezi ya kufundisha alibandika karatasi za manila za rangi, na mkufunzi aliyekaa nyuma akaandika "zana nzuri". Darasa lilitulia kweli. Watundu walikuwa wametumwa kufagia uwanja.

Kisha akapangiwa kituo: wanafunzi mia na ushee, vitabu vitatu, na hatua isemayo kila mmoja ashiriki ndani ya dakika 10. Gawanya mwenyewe.

Walimu wa chuo kama huyo ndio waliowacheka "voda fasta", vijana wa kidato cha sita waliopigwa msasa wiki chache tu wakaingizwa darasani, shule za kata zilipochipuka miaka ya 2000. Leo wako nao ofisi moja. Ukiwauliza kazi walijifunzia wapi, wote wanamwonyesha yuleyule mama wa hisabati, ambaye andalio haligusi mpaka mthibiti ubora aonekane getini.