Jinsi ya Kumsimamisha Dereva kwa Ajili ya Daraja

Marekani kuna watu wanaofunga safari za mashambani kwenda kuangalia madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa. Paa lile si urembo: mbao zikilowa kila msimu huoza. Sisi wa Taita Taveta tulirithi ya chuma na mawe, yaliyo wazi juani. Yanastahili safari vilevile.

1. Mshibishe dereva. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Dereva wetu husimama kwa mafuta, kwa mizani na kwa nyama choma, daraja halimo. Mpeni chai na mahamri Voi, kisha mlete habari yenu akiwa ametulia.

2. Anzieni Tsavo, kwenye barabara ya Nairobi. Mwaka 1898 John Henry Patterson alisimamia ujenzi wa daraja la reli hapa. Simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, waliwala vibarua hadi kazi ikasimama. Waliuawa Desemba mwaka huohuo, na tangu miaka ya 1920 wako Field Museum, Chicago. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Wenzako watataka habari za simba tu. Wape, lakini warudishe kwa vibarua, wengi wao kutoka India, waliorudi kazini na kulimaliza daraja.

3. Inua macho. Reli ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, inapita hapo juu ya nguzo ndefu. Katika mbuga ya Tsavo tembo wameachiwa njia za kupita chini ya reli. Wakitangulia, wapishe.

4. Rudini Voi, mshike njia ya Taveta. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na mwaka 1915 Waingereza wakajenga reli kwa haraka kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, ili jeshi lipate maji, chakula na risasi. Doria za Wajerumani zilikuja kulipua reli. Leo vidaraja vyake huonwa na anayekwenda polepole tu. Mwambieni dereva apunguze mwendo. Kama ameshiba, atakubali.

5. Miguu ibaki chini. Msitembee juu ya reli, wala msishuke mto Tsavo kupiga picha: mamba hawasubiri mpangilie kamera. Na msing'oe hata msumari. Chuma kikishauzwa kwa kilo, historia yake haiuziki tena.

6. Muulizeni mzee. Kila kituo kina mtu aliyesikia kwa babu yake nani alibeba mawe na nani hakurudi nyumbani. Msalimieni kwanza, mkae, kisha mwandike majina anayoyataja. Walimu wa Voi na Mwatate, leteni wanafunzi na madaftari: mawe yatadumu, wazee hawatatungoja.