Mkweche wa Uani: Mwongozo kwa Anayetamani Kufufua Pikipiki

Kwanza kabisa, chagua pikipiki ambayo huwezi kuiona vizuri. Iwe nyuma ya banda la kuku, imefunikwa turubai, na juu ya turubai pamelazwa mabati, debe la chokaa na kitanda kilichovunjika tendegu. Ukiiona yote utaingiwa na hofu, na mwenye hofu hanunui. Mwenye nyumba atakueleza kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake, bwana shamba, aliyeipenda kuliko wanawe, na kwamba haina tatizo lolote. Ilisimama tu. Muulize ilisimama lini. Atamwita mama yake. Bibi ataegemea mlango, atafikiri, atasema ni ule mwaka wa mvua za El Niño, maana mjukuu huyu alikuwa bado tumboni. Mjukuu amesimama hapo hapo, ana ndevu.

Inatosha. Lipa, kodi guta, uifikishe nyumbani kabla wenzako hawajarudi sokoni.

Pikipiki haisimami tu. Huegeshwa kwa kasoro moja, aghalabu ndogo: koili imechoka, waya wa klachi umekatika, au mwenyewe amehamishwa kituo cha kazi na mshahara umechelewa. Kasoro hiyo ungeimaliza asubuhi moja. Lakini chombo kikishakaa hufikiwa na watatu: panya, kutu na fundi. Panya hujenga kiota kwenye kisanduku cha chujio la hewa, akitoka hapo anatafuna nyaya. Kutu inakula polepole, na ukiifuata kwa msasa inakuonyesha ilipoishia. Fundi aliyekutangulia haonyeshi. Alikuja mwaka usiojulikana, akiwa na bisibisi, nyundo na spana malaya, akafungua kila kilichofunguka kutafuta tatizo ambalo halikuwa huko, kisha akarudisha alivyokumbuka. Mwongozo huu, ukiusoma vizuri, unamhusu yeye.

Tuseme umebahatika kupata Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, na wahandisi wake waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi, hubeba watu watatu na gunia, na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Waliachana na mnyororo wa kuzungusha kemu, wakarudia fito za kusukuma vali, mtindo ambao wakati huo ulishaonekana wa kizee. Nundu moja ya kemu ikapewa kazi ya kuhudumia vali zote mbili. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya kava isile vumbi. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na ndiyo sababu bodaboda nyingi zinazokupigia honi barabarani zina ukoo nayo. Ni injini iliyobuniwa na watu waliojua fika kwamba hutaitunza.

Hapo ndipo penye hatari. Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui mtu. Unaiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, unalala. CG haifi. Utapiga kiki jioni moja bila matarajio yoyote, nayo itakohoa mara moja, itarusha ule udongo ambao nyigu waliujaza kwenye ekzosi, kisha inyamaze. Mlio huo mmoja utakula mshahara wako hadi mwakani.

Kama kiki haishuki kabisa, usiirukie. Vijana wa mtaa watajitolea kuirukia kwa zamu, na mmoja mwenye mwili ataitwa makusudi kutoka gengeni. Injini iliyokaa miaka mingi hushikwa na ringi zilizogandana na ukuta wa silinda kwa kutu, na mtu mzito juu ya kiki huvunja meno ya kiki kabla hajaziachanisha. Toa plagi, mimina ndani vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na ile oili nyekundu ya gia za otomatiki, uache. Uache kweli, siku zipite. Kisha tia gia ya juu kabisa, plagi ikiwa bado nje, uisukume mbele kidogo, uirudishe nyuma kidogo, hadi uhisi kitu kimeachia. Watazamaji watachoka na kwenda zao, jambo ambalo ni faida nyingine.

Ikishazunguka, piga magoti upande wa kulia uangalie kava la klachi. Usiguse, angalia tu. Skrubu zake zilitoka kiwandani na tundu la msalaba la vipimo vya Kijapani, ambalo si sawa na msalaba wa bisibisi ya dukani. Bisibisi ya kawaida imechongoka zaidi. Ncha inagota chini kabla mabawa hayajashika kuta, ukizungusha inapanda juu na kukwangua chuma. Sasa soma historia. Skrubu ya kwanza tundu lake limekuwa duara: fundi alikuwa bado ana matumaini. Ya pili ina kovu la tindo ubavuni: ameanza kukasirika. Ya tatu ni bolti ya kitanda iliyogongwa hadi ikakubali. Ya nne haipo, pana gundi ya chuma, na juu ya gundi kuna alama ya kidole gumba, imekauka, mistari yote inasomeka. Ulitaka kumjua aliyekutangulia, ndiye huyo.

Zilizosalia zitoe kwa bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha kila ipigwapo nyundo, na badala yake weka bolti za kichwa chenye tundu la pembe sita. Ya gundi mpelekee mchonga vyuma, umwombe radhi.

Kwenye kabureta ndipo asiyejua hujiona fundi, kwa sababu inafunguka kwa skrubu chache na ndani yake mna vitu vidogo vya kupendeza. Fungua bakuli la chini. Petroli iliyoachwa humo imekauka ikaacha tabaka la kahawia lililoshikamana na chuma kama ukoko wa wali, na harufu yake ni ya rangi ya mafuta, ya petroli haipo tena. Tabaka hilo hubanduka kirahisi kila mahali isipokuwa panapohitajika: jeti ya mwendo wa polepole, ambayo tundu lake ukiliinua juani huoni mwanga. Utatafuta pini. Usitafute pini. Vijeti ni vya shaba ya njano, laini, na pini ya chuma hupanua tundu. Siku hiyo hiyo pikipiki inaanza kunywa mafuta kuliko gari na plagi inakuwa nyeusi tii. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha chukua uzi mmoja tu wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, upitishe taratibu. Ukikuta tundu tayari limepanuliwa, unajua nani.

Mpira unaounganisha kabureta na injini nao utazame. Ukiukunja ukaona nyufa, hewa inaingia bila kibali: injini itapanda mzunguko yenyewe, na utashinda ukirekebisha skrubu ya sailensa isiyo na hatia.

Tangi linasafishwa kwa siki na nati za zamani, utikise mpaka mikono iume, usuuze, ukaushe. Kama limetoboka, hapa utani usimame kidogo: usikubali lichomelewe eti kwa kuwa ni tupu. Mvuke wa petroli unakaa humo miaka, na mvuke ndio unaolipuka kuliko petroli yenyewe. Fundi anayekuambia "hili halina kitu, mzee" huku anavuta sigara, mwage kwaheri na tangi lako mkononi.

Umeme sitauzungumzia sana kwa kuwa nataka umalize kusoma. Kumbuka tu kwamba CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, zikiwaka kwa pointi, na za baadaye ni volti 12. Balbu ya 12 kwenye mfumo wa 6 inatoa mwanga wa kibatari. Ya 6 kwenye mfumo wa 12 inatoa mwanga mkali sana, mara moja. Ukikuta nyaya tatu za rangi tofauti zimeungwa na waya mmoja wa spika kwa selotepu, usijiulize zilikuwa zinakwenda wapi. Aliyeziunga naye hakujua. Nunua mkungu mzima mpya wa nyaya.

Sasa unashuka Kariakoo. Utafika dukani ukiwa na karatasi uliyoandika spea zako kwa mwandiko mzuri, na muuzaji hataitazama.

"Mkubwa, CG ni CG. Chukua, ikigoma rudisha."

Ina ukweli nusu, na nusu ndiyo ghali. Kwa kuwa Wachina walirithi injini ile, pistoni, gasketi na ringi mara nyingi zinaingia bila ubishi. Lakini zipo nakala za ujazo mkubwa zaidi zinazouzwa kwa jina hilo hilo, na waya wa spidi, drami ya nyuma na kava la cheni kila kiwanda kilijiamulia. Dawa yake ni ya kimaskini lakini haijashindwa: beba kifaa cha zamani, kikiwa na uchafu wake, ukiweke juu ya kaunta kando ya kipya. Pistoni ya kiwandani ni milimita 56.5. Kabla hujanunua mpya, tazama juu ya kichwa cha iliyopo. Kama imechapwa 0.50 au 0.75, silinda ilishawahi kuchongwa, na pistoni ya kawaida itacheza humo kwa raha zake. Na "ikigoma rudisha" ni salamu ya biashara, isikupe usingizi.

Ukirudi na furaha ya injini kuwaka, utasahau breki. Wote husahau breki. Kwenye shuu zilizokaa miaka, gundi inayoshika kitambaa cha breki hukauka, kitambaa kinabanduka na kujikunja ndani ya drami, gurudumu linakwama ghafla, nawe unaendelea na safari peke yako. Badilisha shuu hata kama zinaonekana nene. Tairi nazo zitakudanganya kwa kashata zake, kwa sababu hazikwenda popote pa kuzimaliza. Soma ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi yenye 2306 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2006. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, ipeleke ikafanywe bembea ya watoto.

Karatasi zilipaswa kuja mwanzoni, ila hakuna anayeanza nazo. Kadi ina jina la marehemu. Marehemu hawezi kusaini mkataba wa mauziano, na mwanawe aliyepokea fedha zako siye msimamizi wa mirathi. Msimamizi huteuliwa na mahakama, na ndiye mwenye mamlaka ya kukuhamishia chombo ili nawe uende TRA. Mirathi hulala pikipiki ikilala. Siku itakapopita mbele ya nyumba ile ikinguruma, shangazi mmoja wa Tanga atakumbuka kwamba kaka yake alimwahidi. Linganisha pia namba ya chasisi na ya injini na zile za kadi, wewe mwenyewe, kwa tochi. Fundi wako asiyejulikana huenda alibadilisha injini nzima akasahau kusema. Hilo likishanyooka, kata bima, hata ile ndogo, ununue na kofia ngumu ambayo haikutoka kwenye banda lile la kuku.

Kabla ya safari ya kwanza weka oili mpya, inatosha lita moja hivi, na tapeti uziache na nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi. Tia mfukoni plagi ya akiba na spana yake. Usiende mjini. Usipite sokoni wanakokufahamu. Chagua njia inayopanda mlima kutoka nyumbani, uende taratibu, gia ya pili na ya tatu, na ukisikia injini imebadilisha sauti, geuza. Ikizima huko juu, utarudi kwa mteremko hadi getini bila kumwomba mtu akusukume, na majirani watadhani umezima makusudi ili kubana mafuta.