Hotuba Rasmi Kuhusu Watu Wanaohesabu Mbu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu zisizozuilika hakualikwa, wazee wa baraza, muuza kahawa, itifaki imezingatiwa.

Nasimama mbele yenu nikiwa Mtaalamu Mkuu wa Sayansi Zote, cheo nilichojitunuku baada ya wengine kuchelewa kunitunuku. Leo nawafichulia wanachofanya watafiti wa malaria hapa Ifakara, ambako kituo cha utafiti kilianza miaka ya 1950. Miaka ya 1950, jamani! Malaria mimi nimeimaliza mara nyingi papa hapa barazani, kabla kahawa haijapoa.

Mnadhani mtafiti huamka, akagundua, akavishwa medali? Thubutu! Huamka akahesabu mbu. Mtego wa taa umening'inizwa usiku kucha kando ya chandarua chenye mtu ndani. Alfajiri msomi wa shahada ya uzamivu anaufungua, anatenga mbu na nondo, majike na madume, maana madume hawaumi (akina mama, msinitazame hivyo). Halafu kuna Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ndugu wanaofanana hata hadubini haiwatofautishi. Basi anachomoa mguu mmoja wa mbu, anausaga, anapima vinasaba. Mguu wa mbu! Mimi naujua ukoo wake kwa mlio tu, tena nikiwa nimejifunika shuka.

Kila kichupa kina lebo: tarehe, kijiji, nyumba. Lebo ikifutika, kazi ya usiku kucha imekwenda na maji.

Tena wanafuga! Ninyi mnafuga kuku. Wao wana chumba cha mbu chenye joto la nyuzi 27 hivi, unyevu wa karibu asilimia 80, na maji ya sukari. Viluwiluwi wanalishwa chakula cha samaki, Idi na Krismasi pia.

Kinachoniudhi zaidi ni kutoaminiana. Mmoja anahesabu vimelea kwenye slaidi ya damu hadi afikishe chembe nyeupe 200. Wa pili anahesabu upya bila kuonyeshwa jibu la mwenzake. Wakipishana sana, anaitwa wa tatu. Mimi tangu nianze kutoa nadharia sijawahi kujikagua, na sijawahi kukosea.

Na karatasi! Hawabishi hodi kwako bila kibali cha maadili, bila mwenyekiti wa kijiji, bila fomu ya ridhaa. Jirani yangu aliwakatalia, wakamshukuru, wakaenda zao. Hiyo ni mamlaka gani?

Yule mtafiti wa malaria wa zamani, Ronald Ross, naye alipasua mbu huko India kwa miaka 2, wengi wao si wa aina inayobeba malaria ya binadamu. Agosti 1897 ndipo akaona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Nobel akapewa 1902. Miaka 2 ya matumbo ya mbu! Angeniuliza.

Wakimaliza, wanaandika: "huenda", "inaonekana", "utafiti zaidi unahitajika". Makala inakwenda kwa wakaguzi ambao hata majina yao waandishi hawaambiwi, inarudi na maswali, na mtego unatundikwa tena.

Sasa napokea maswali. Wewe kijana wa maabara, shusha mkono. "Umejuaje?" si swali la kumuuliza mtu mzima.